Laini Mbili, Mtaro Mmoja

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita nilikuacha chini ya meza, msomaji wangu, na najua hukufurahi. Basi jua kwamba Elifuraha naye hajafurahi. Bado yuko huko huko, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya kikundi cha kahawa cha Kisangeni, anazitazama taa mbili, na zote mbili ni nyekundu.

Siyo moja. Mbili. Laini ya intaneti ya Sayari imekufa na laini ya Tambarare imekufa, kwa mpigo mmoja, saa sita mchana, siku yenyewe ya mnada.

Kwa uliyepitwa na gazeti, mambo ni haya. Wakulima wa Kisangeni wamekataa kuuza kahawa yao kwa wanunuzi wa malori. Wanaiuza wenyewe kwenye mnada wa intaneti, kwa wakaangaji wa kahawa wa Ulaya. Mnada unafungwa saa kumi alasiri, na ni lazima mtu wa Kisangeni awepo kwenye kompyuta kubonyeza neno "nakubali". Asipokuwepo, mzigo unaondolewa. Mwaka jana laini ilikatika, mzigo ukaondolewa, na kahawa ikaishia kwenye lori la Filbert, wakala wa wanunuzi hao, kwa bei aliyoitaka Filbert.

Mwaka huu Mzee Yoramu, mwenyekiti wa kikundi, alisimama mkutanoni akasema binti yake aliyesomea kompyuta Dar ataleta laini mbili za kampuni mbili, moja ikianguka nyingine inashika. Na ikishindikana tena, akasema, yeye mwenyewe atampelekea Filbert ufunguo wa ghala na kiti atakiachia. Maneno ya Mzee Yoramu yakishatoka hayarudi, hata yeye mwenyewe akiyajutia.

Binti mwenyewe ndiye Elifuraha. Na usidhani alikuwa amelala.

Ile kompyuta ndogo iliyo chini ya meza, ambayo kazi yake ni kuhamisha mawasiliano kutoka laini moja kwenda nyingine, wanakikundi walikuwa wameibatiza jina la Makamu, maana mwenyekiti akianguka yeye ndiye anayeshika. Makamu alimtesa huyu dada mpaka akakonda. Kwanza alikuwa hahami kabisa. Halafu akawa anahama hovyo hovyo, upepo ukivuma kidogo tu huyo amehama. Halafu ikagundulika kwamba alikuwa anauliza nguzo ya jirani tu, "Upo?", nguzo inajibu "Nipo", naye anaridhika, hata kama kule mbele Moshi mjini hakuna kitu kinachopita. Ikabidi afundishwe kuuliza mbali zaidi. Akafundishika. Na leo, siku aliyotakiwa, hakuna pa kuhamia.

Mtu akakohoa mlangoni. Alikuwa Filbert, wakala wa kampuni ya malori, shati limenyooshwa pasi, kijiti cha meno mdomoni. Akasema alikuwa anapita tu kusalimia. Akasema lori lake liko pale barabarani tangu asubuhi, ila wasimfikirie, lori halina haraka.

Elifuraha akachukua simu yake akatoka mpaka kwenye kona ya zahanati, mahali pekee pale kijijini panaposhika mtandao wa simu ukiwa umesimama wima.

Akampata Primus wa Sayari. Primus akamwambia azime, awashe. Elifuraha akasema ameshazima na kuwasha. Primus akamwomba azime tena na kuwasha tena, ili na yeye aweze kusema kwamba alimwambia. Kisha akasema kwamba kwa kadiri anavyoona, tatizo linatoka Tambarare. Elifuraha akamuuliza kampuni nyingine itauaje laini ya Sayari, Primus akasema mambo ya mitambo ni mapana, na kwamba wanashughulikia.

Akampigia Doris wa Tambarare. Doris naye akamwambia azime, awashe. Kisha akasema, kwa sauti tamu kabisa, kwamba tatizo linaonekana kutoka Sayari. Wanashughulikia.

Neno hilo "tunashughulikia", ukilisikia, tafuta kiti ukae. Elifuraha hakuwa na kiti. Alikuwa na jua la utosi, salio linalokwisha, na hasira iliyompanda mpaka masikioni akahisi yanawaka. Na mtu mwenye hasira ya namna hiyo hutafuta wa kumtupia.

Akampata. Antena zote mbili zilikuwa zimesimama kwenye mgongo wa kilima, ukingoni mwa kihamba cha Mzee Wenseslaus, yaani shamba lake la migomba. Huyu ndiye msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji toka msituni. Yeye ndiye anayegawa zamu za maji, na yeye na Mzee Yoramu hawajanywea kibuyu kimoja tangu walipogombana kuhusu zamu hizo, Elifuraha akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Na Jumapili, watu walimwona Wenseslaus akinywa mbege, pombe ya ndizi, na nani? Na Filbert. Na leo asubuhi nani alipita mbele ya ofisi na jembe begani? Elifuraha alimwona kwa macho yake.

Hakuhitaji ushahidi mwingine. Mimi ningekuwepo ningemshika gauni nikamwambia, mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini sikuwepo.

Watu walikuwa wanateremka kutoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuusafisha mfongo, ambayo kule juu mtu asipotokea hata mkewe anamwonea aibu. Elifuraha hakwenda, alibaki ofisini kumlinda Makamu. Walikuja kwa mstari mrefu, matope mpaka magotini, na mbele yao Mzee Wenseslaus.

Elifuraha akasimama katikati ya njia. Hakutoa shikamoo.

"Filbert kakupa nini," akamuuliza, "mpaka ukakate waya zangu?"

Mstari mzima ukasimama. Mzee Wenseslaus alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka huyu ni mtoto wa nani. Kisha akashusha jembe, akakwangua matope kwenye kisigino cha kiatu chake taratibu, akalibeba tena, akampita.

Nyuma ya mstari alikuwa Mzee Yoramu na jembe lake. Alikuwa amesikia yote. Akamsogelea bintiye, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa kama shikamoo yake aliisahau Dar. Kwa baba wa namna ile, sauti ya chini ni mbaya kuliko kofi.

Elifuraha alitaka kujitetea, akaanza kueleza kuhusu taa nyekundu na Jumapili na mbege. Hapo ndipo Veronika, katibu wa kikundi, mama mmoja mnene mpole ambaye hajawahi kumkatisha mtu maneno, alipomkatisha. Mkononi alikuwa na vipande vya kitu cheusi, vimejaa tope.

"Mwanangu," akasema, "hizi kamba ni zako?"

Elifuraha akavitazama. Zilikuwa kebo zake. Kebo ya Sayari na kebo ya Tambarare, zimekatwa vipande vya urefu wa mkono, kama mtu anayetayarisha miwa ya kugawa.

Veronika akaeleza, na kila alipoeleza uso wake ulizidi kusononeka. Walikuta mipira myeusi miwili imefukiwa kwenye ukingo wa mfongo, inashika majani, maji yanakwama. Hakuna aliyejua ni ya nani. Mpira mweusi kwenye ukingo wa mfongo, pale kijijini, una maana moja tu: kuna mwizi anavuta maji ya wenzake usiku. Na mpira wa mwizi wa maji haujadiliwi. Unakatwa. Wakakata, kila mmoja kwa jembe lake, na kwa furaha kweli kweli.

"Nani alianza?" Elifuraha akauliza.

Veronika akainamisha macho. Watu wote wakainamisha macho, isipokuwa mmoja.

"Mimi," akasema Mzee Yoramu. "Mimi ni mwenyekiti. Niliona mali ya mwizi, nikaanza."

Alikuwa Sanya Juu kufuata mahindi siku ile Elifuraha alipofukia kebo zile. Hakuambiwa. Hakuna aliyeambiwa.

Sasa hapa, msomaji, niruhusu nichukie kidogo. Msichana huyu alihangaika na kampuni mbili. Akasimamisha antena mbili. Akaweka modemu mbili, na Makamu wa kuamua kati ya hizo laini, yote hiyo ili jambo moja likitokea lisiue zote mbili. Halafu, kwa sababu udongo wa ukingoni ni laini na kuchimba mara moja ni nafuu kuliko kuchimba mara mbili, akazilaza kebo zote mbili kwenye mtaro mmoja. Laini mbili, mtaro mmoja. Na mtaro wenyewe kwenye ukingo wa mfongo, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza wa Kisangeni anajua hapachimbwi bila kumwambia msimamizi. Angemwambia Mzee Wenseslaus, Mzee Wenseslaus angemwambia msaragambo ni lini. Ilikuwa ni salamu moja tu. Yeye alijisemea atamwambia mnada ukipita.

Alikaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi, na vipande vya kebo mapajani. Hakulia. Alitamani kulia, machozi yakagoma.

Mzee Yoramu akavaa kofia yake, akageuka, akaenda zake bila kuaga. Elifuraha alidhani amekwenda nyumbani kubadilisha nguo.

Ofisini ilikuwa imebaki kebo ya akiba, fungu moja zima. Kuzungukia mfongo haikutosha hata laini moja. Lakini kwa kukata moja kwa moja, kutoka kwenye antena kupita juu ya migomba mpaka ofisini, ingetosha zote mbili. Tatizo ni kwamba hiyo migomba ilikuwa ya Mzee Wenseslaus.

Filbert, aliyekuwa ameegemea mlango wa ofisi, hatua chache kutoka pale njiani, akisikiliza yote hayo, akatoa kijiti mdomoni akasema kwa huruma kwamba siku nyingine huwa hivyo. Kisha akateremka kuelekea barabarani.

Veronika akaenda kwenye uzio, akavunja jani moja refu la isale, lile linaloota kwenye mipaka ya kila kihamba, akalifunga fundo, akamwekea Elifuraha mkononi.

"Usiseme mengi," akamwambia.

Elifuraha alikulia kule, anajua isale ni nini. Ukimkosea mtu ukamwendea nalo, hawezi kukukatalia, hata kama ulimuua ng'ombe wake. Lakini anajua pia kwamba haliendi na kichwa kilichoinuka. Alitembea njia ile fupi na miguu ikawa mizito, maana kwa mwanamke aliyezoea kuitwa kutengeneza makosa ya wengine, hii ilikuwa mpya.

Mzee Wenseslaus alikuwa anamkatia ng'ombe wake migomba. Panga likapanda, likashuka. Elifuraha akapiga magoti kwenye majani mabichi, akalitoa jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nimechimba mfongo bila kukuambia. Na kosa langu nimekubandika wewe, mbele za watu."

Panga likapanda, likashuka. Ng'ombe akatafuna. Elifuraha akabaki pale, mikono imenyooshwa, na mawazo yake yote yako kwenye saa ya ukutani kule ofisini, lakini hakuthubutu kusema habari ya haraka. Mzee akakata gogo lote mpaka likaisha. Akafuta panga. Ndipo akalichukua jani.

"Ungekuja na maelezo ningekufukuza," akasema. "Hili siwezi kulikataa, na unajua. Marahaba."

Kisha, akilichomeka jani kwenye utepe wa kofia yake, akamwambia kwamba ni kweli Filbert alimnunulia mbege. Alitaka kujua zile nguzo za kilimani zinashikiliwa na nini. Yeye Wenseslaus akainywa ile mbege yote, kwa kuwa haikuwa na kosa, kisha akamwambia zinashikiliwa na Mungu.

"Pitisha juu ya migomba," akasema. "Maji usiyaguse."

Na akatangulia mwenyewe na mti mrefu wenye panda, wa kuegemezea migomba iliyozaa, akawa anazinyanyua kebo zisikwame, huku Elifuraha akivuta na nusu ya watu wa msaragambo wakipokea upande wa pili. Mkungu mmoja ulianguka. Mzee akauangalia, akaendelea.

Taa ya Sayari ikawa ya kijani. Taa ya Tambarare ikawa ya kijani. Ukurasa wa mnada ukafunguka pale pale ulipokuwa umeachwa asubuhi, na jina la Kisangeni likiwa bado lipo, na bei inapanda. Watu walijazana mpaka mwanga wa dirisha ukapotea. Hakuna aliyethubutu kupumua karibu na kompyuta.

Ikabaki robo saa.

Hapo Sayari ikazimika. Usiniulize imekuwaje, nitakuambia: Primus kule mjini alikuwa ameanza kushughulikia. Alipofikia lalamiko la Kisangeni, akafanya alichokuwa akiwaambia wengine siku zote. Akazima, akawasha.

Elifuraha akaruka chini ya meza. Na kabla magoti hayajagusa sakafu, Makamu akahama. Mwenyewe. Akauliza mbali, hakujibiwa, akashika laini ya Tambarare kama alivyofundishwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kukusimulia hadithi hii, ile mashine ilifanya ilichoambiwa, na Veronika akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani.

Elifuraha akainuka anacheka. Akatazama kioo cha kompyuta, kicheko kikakauka.

Ukurasa umebadilika. Kwao wenye mnada, Kisangeni ilikuwa imetoka kwenye laini moja ikatokea kwenye nyingine, na wao hawaijui hii ya pili. Mgeni huyu ni nani? Wanataka aingize upya neno la siri.

Na neno la siri alikuwa nalo mtu mmoja. Asubuhi Mzee Yoramu aliliandika kwa kidole kimoja, amelikinga kwa kofia, akakataa kulitaja hata kwa binti yake.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Veronika akavuta droo ya meza, akaingiza mkono, akautoa mtupu. Ufunguo wa ghala haumo.

Elifuraha akavua viatu, akakimbia.

Aliwakuta barabarani, mbele ya lori. Baba yake ameshika kofia mkononi. Filbert ameshika mkono wa baba yake. Wapakiaji walikuwa wameshashuka kuelekea ghalani, na mmoja wao anazungusha ufunguo kwenye kidole.

"Baba, laini zimerudi. Bei ipo. Nipe neno la siri."

Mzee Yoramu hakugeuka mara moja. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu.

"Nimeshampa mkono," akasema. "Nilisema mbele ya watu. Na waya nilikata mimi."

Elifuraha alitaka kupiga kelele, alitaka kumshika mabega yule mzee mkaidi amtikise, lakini ni baba yake, na leo alikuwa ameshamkosea mzee mmoja. Akasimama tu pale peku, anahema.

Mzee Yoramu alitazama mkono wake, kisha akatazama uzio ulio kando ya barabara. Akauendea. Akavunja jani la isale. Akalifunga fundo polepole, kwa vidole vilivyozoea. Na mbele ya dereva, na mbele ya akina mama waliokuwa wanapita na mizigo ya majani, Mzee Yoramu mwenyekiti akapiga magoti kwenye changarawe, mbele ya Filbert aliye rika la kitinda mimba wake, akamnyooshea.

Kijiti cha meno kilimdondoka Filbert. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Inuka, mzee," akasema, na sauti haikuwa ile ya asubuhi. "Mimi nimezaliwa Tarakea, mlima huu huu, isale nalijua. Lakini kampuni haikuzaliwa Tarakea."

Mzee Yoramu hakuinuka. Mkono haukushuka. Bila kumtazama bintiye, akasema:

"Neno la siri ni Wenseslaus. Nilijua hakuna atakayelifikiria. Nenda."

Elifuraha alikwenda. Alikimbia ule mlima peku, kifua kinawaka, akimwacha baba yake magotini barabarani, na hilo litamuuma mpaka mwisho wa hadithi hii. Akapenya katikati ya watu. Mlangoni alimpita Mzee Wenseslaus, jani likiwa bado kwenye kofia yake. Akakaa, akaandika jina la mzee yule, herufi kwa herufi, vidole vinateleza kwa jasho.

Ukurasa ukafunguka. Bei ilikuwa imesimama, nzuri kuliko alivyowahi kuahidi baba yake mkutanoni. Chini yake neno moja: nakubali.

Ndipo, kupitia dirishani, akasikia kufuli la ghala likigonga mlango, na mlango ukiburuzwa.

Asipobonyeza, mzigo unaondolewa mwaka wa pili mfululizo, na Kisangeni haitaitwa tena mnadani. Akibonyeza, atakuwa ameiuzia Ulaya kahawa ambayo sasa hivi inapakiwa kwenye lori la Filbert. Akageuka kuwatazama watu nyuma yake. Hakuna aliyemsaidia. Gunia la kwanza likatua kwenye lori.

Elifuraha akabonyeza.